Onyesho mchanganyiko la Jumapili mtaani: ngoma, mchezo, sarakasi na taarab kwa kiingilio kimoja. Turudishe?

Kijana wa Buguruni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu una urefu kidogo, vuta kiti.

Hapa Dar leo mpenzi wa taarab ana ukumbi wake, mpenzi wa bongo fleva anasubiri tamasha la uwanjani, mpenzi wa dansi ana baa yake ya Ijumaa, na anayetaka mchezo wa kuigiza amebaki na simu mkononi. Ngoma za asili tunaziona mgeni wa serikali anaposhuka uwanja wa ndege au Mwenge unapopita. Kila sanaa ina watu wake na watu hao hawakutani.

Haikuwa hivi. Wenye umri wanakumbuka miaka ya 80 na 90, kundi kama Muungano la Norbert Chenga, kisha TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba kuanzia 1992. Ulikuwa unakata tiketi moja alasiri na kukaa mpaka usiku. Zinaanza ngoma, sindimba au lizombe, wanaingia vijana wa sarakasi, kinafuata kichekesho, halafu mchezo wenyewe wa kisa kirefu, na giza likishaingia ndipo taarab inapanda. Kumbi za Kariakoo, Magomeni, Kinondoni, Ilala na Temeke zilikuwa na shughuli hizo wikiendi baada ya wikiendi.

Kinachoniuma ni hiki. Mama aliyekuja kumsikiliza Khadija Kopa alikuwa ameshaiona lizombe kabla Kopa hajashika kipaza sauti. Kijana aliyefuata sarakasi alijikuta anaangalia mchezo kuhusu baba anayeuza shamba la familia. Hakuna aliyewalazimisha, programu tu ilipangwa hivyo. Kwa mpango ule watu walijifunza kupenda vitu ambavyo wasingevifuata wenyewe. Siku hizi hakuna mahali pa kujifunzia, ndiyo maana mtoto wa Dar akiona ngoma ya mganda anauliza ni jeshi gani.

Bagamoyo wameushika mfumo huu. Tamasha la chuo linafanyika tangu 1982, mwaka mmoja tu baada ya Chuo cha Sanaa kuanza, na mpaka leo chini ya TaSUBa, jina la sasa la chuo hicho, utakuta ngoma, maigizo, sarakasi na muziki vinapokezana. Ila ni mara moja kwa mwaka, na ni Bagamoyo. Ninachokitaka mimi ni kitu cha mtaani. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi, mahali pale pale, saa ile ile, na kila mara ziwepo sanaa zisizopungua tatu tofauti. Mtu asiulize nani anapiga leo. Ajue tu kuwa Jumapili ya mwisho kuna onyesho.

Tumeshaongea na vijana wa vikundi vitatu huku kwetu na kuna kiwanja kinachoweza kupatikana. Naomba michango ya watu waliofanya kazi hizi, maana mimi ni mtazamaji tu.

---

Njuga Mguuni

Mkuu naunga mkono. Nimesoma Bagamoyo, nacheza na kupiga, na ngoma ndiyo inayonilisha, basi nizungumzie kazi yenyewe.

Kwanza ngozi. Ngoma za kuwambwa hazipigwi hivi hivi, lazima zipashwe moto. Unawasha makuti au maboksi pembeni, unaigeuza ngoma uso uelekee moto, unagonga kwa ncha za vidole na kusikiliza mpaka sauti ipande. Ukiipasha kidogo italala baada ya nyimbo mbili, ukiizidisha ngozi inapasuka na hapo umepoteza hela ya watu. Msimu wa masika ndiyo mateso kabisa, unyevu unairudisha chini kila baada ya muda mfupi.

Watu wa kumbi hawalielewi hili. Wanakupa dakika 40 mfululizo, wanakukataza moto kwa sababu ya vigae, halafu wanasema ngoma za asili hazina mzuka. Huo mfumo wa mchanganyiko unatufaa sisi kuliko mtu yeyote. Tunapiga sindimba, tunatoka, sarakasi wanaingia, na wakati huo ngoma zetu ziko motoni. Tukirudi na lizombe zinalia upya. Wazee waliopanga zile programu walijua wanachokifanya.

Pili, ardhi. Tafadhali msitujengee jukwaa la mbao kwa ajili ya kila kitu. Njuga mguuni zinataka udongo ulioshindiliwa. Mbao zinameza mlio, na saruji inaua magoti. Wekeni jukwaa dogo kwa ajili ya muziki wa vyombo, na mbele yake acheni uwanja mtupu.

Tatu, malipo. Tumechoka kuitwa "kuonyesha utamaduni wetu" kisha tunapewa soda na nauli. Kama kuna kiingilio, tuambiwe mgawo kabla hatujatoka nyumbani.

---

Mama wa Tandika

Habari zenu wanangu. Nimesoma yote na nia ni njema, lakini mimi nakaa mtaani na nina watoto, na mnachokiita burudani ya mtaa najua kinaishia wapi. Tumeletewa vigodoro, hizo ngoma za kukesha, mpaka saa tisa usiku, spika zimeelekezwa kwenye madirisha ya watu, na wasichana wadogo wanacheza mambo ambayo mzazi hawezi kuyatazama. Tukilalamika tunaambiwa ni utamaduni.

Tena na hizo taarab. Mipasho ya miaka ya 90 ilikuwa tamu, sikatai, lakini iligombanisha majirani. Mtu anakwenda kumtuza mwimbaji pesa kwa ajili ya kumlenga mwenzake aliyekaa meza ya pili, na kesho yake hawasalimiani kisimani.

Mimi nitakubali kwa masharti. Liishe mapema, watoto wa shule wana Jumatatu. Mchezo wa kuigiza uwe wa kueleweka na mtoto. Na mwenye onyesho ajulikane kwa sura na nyumba yake, ili tukiwa na neno tujue pa kugonga.

---

Kijana wa Buguruni

Shikamoo mama. Masharti yako nayachukua yote. Saa za kuanza nilizofikiria ni tisa alasiri, kumaliza saa mbili usiku kamili, vyombo vinazimwa hata kama watu wanataka zaidi.

Njuga, suala la moto sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Kumbe mpangilio ule ulitokana na kazi yenyewe. Endelea kutufundisha mkuu.

---

Bint Ng'ambo

Assalaam aleikum. Nawasalimu kutoka Unguja.

Huku kwetu tuna bahati ya matamasha. Tamasha la filamu la ZIFF lipo tangu 1998, lile la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, na vijana wanaosoma chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanza 2002, wanapiga mbele za watu mara kwa mara. Lakini nataka niwape angalizo. Mwaka 2016 Busara haikufanyika kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha, na hilo ni tamasha linalojulikana dunia nzima. Kitu cha mtaa kikianza kwa kutegemea mfadhili, siku mfadhili akigeuza uso kimekufa. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905 na kipo hadi leo, kwa sababu kilianza kama chama cha wanachama wenyewe. Fikirieni upande huo: watu wa mtaa wachange, wawe na daftari lao, na onyesho liwe lao.

Sasa taarab. Nyote mnaiweka mwisho, na najua kwa nini, ndiyo inayoleta watu. Ila kama mnataka taarab ya vyombo, yaani udi, fidla, kanuni (au ganuni kama wengine wanavyoita) na dumbak, basi jueni kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na kila moja inatafutwa sauti yake. Ikikaa juani kuanzia saa tisa na mkaipandisha usiku na umande, mpigaji atatumia nusu saa kutafuta sauti na watu wataondoka. Iwekeni ndani, kwenye kivuli, na mumpe mpigaji muda wakati mchezo wa kuigiza unaendelea.

Na kuhusu kutunza, mama wa Tandika amesema kweli, lakini naomba msiikataze. Mwanamke anainuka kwenye kiti, anakuja taratibu na mwendo wa wimbo, mkono umeinuliwa noti ikiwa kati ya vidole, anasubiri mpaka ufike ule mstari wake, ndipo anampa mwimbaji. Anayetazama anajua kuna jambo. Hapo mtazamaji naye amekuwa sehemu ya onyesho. Mkimzuia mtakuwa mmebakiza bendi tu. Mnachoweza kufanya ni kuchagua nyimbo. Zipo za mapenzi, za mama, za subira. Si lazima kila wimbo umchome mtu.

---

Msukuma wa Kisesa

Mleta uzi, umegusa jambo lakini umelitazama kwa macho ya Pwani tu. Njoo Usukumani ujifunze jinsi ya kupata watazamaji.

Hapa Bujora, Kisesa, kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita mara nyingi, tuna Bulabo. Jamii mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu, zinashindana. Asili yake ni waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa kali, na mpaka leo kila kikundi cha ngoma kinajijua kipo upande gani.

Sasa sikiliza mashindano yanavyokwenda. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watu wako huru kwenda wanakotaka. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Basi unaona wachezaji wanabuni kila aina ya mbinu: mmoja analeta chatu, mwingine anapanga mistari ya majembe ya bugobogobo yanayorushwa na kudakwa kwa mpigo mmoja, mwingine anatengeneza midoli ya mbao inayocheza. Umati unakimbia huku, unarudi kule. Hakuna anayekaa kwenye kiti na kupiga makofi ya heshima.

Ushauri wangu: usiweke programu moja iliyonyooka. Weka pande mbili. Watu waamue kwa miguu yao.

---

Njuga Mguuni

Kaka wa Kisesa nimecheza Bulabo na hakuna shinikizo kama lile. Unaona kabisa watu wanakuacha katikati ya wimbo.

Lakini kwa Dar nina wasiwasi. Bulabo kuna uwanja mkubwa na sauti ni za ngoma na vinywa. Huku kiwanja ni kidogo na kuna spika. Ukiweka pande mbili kwa wakati mmoja, mwenye spika kubwa atashinda siku zote, na mchezo wa kuigiza ndio utakaokufa wa kwanza. Mwigizaji hawezi kushindana na mtambo.

Badala yake tuchukue ule upinzani wa TOT na Muungano. Kila kundi lilijua mwenzake ametoa nini wiki iliyopita na lazima lijibu. Ule ubishi ulizalisha nyimbo na michezo mipya kwa kasi ambayo sijaiona tena. Tuwe na vikundi viwili vya ngoma vinavyobadilishana mwezi kwa mwezi, na watu watabishana wenyewe vijiweni.

---

Dogo wa Mbagala

Wakubwa shikamooni. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa sijaona neno singeli hata mara moja.

Nyie mnataka vijana waje, halafu mnapanga shughuli ya wazee. Singeli imezaliwa hapa hapa, Manzese, Tandale, Mbagala, na haikutoka hewani. Kabla yake kulikuwa na mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio na ngoma, na mchiriku nao umechota kwenye ngoma za Wazaramo. Ukimsikiliza mpiga ngoma wa mdundiko halafu ukamsikiliza dijei wa singeli, mkono ni ule ule, umeongezewa kasi tu. Kwa hiyo mkituacha nje mnakata mti wenu wenyewe.

Tupeni dakika 20. Tena tuwekeni mara tu baada ya mdundiko, bila mtangazaji kuongea katikati. Watu wasikie wenyewe.

---

Mama wa Tandika

Mwanangu wa Mbagala umeongea vizuri. Kama mashairi ni safi sina shida na singeli, kinachonikera ni matusi na ule uchezaji.

Ila mdundiko mmeutaja na nina neno. Mdundiko unatembea. Zamani ulikuwa unapita mtaa hadi mtaa na watoto wanaufuata, jioni wazazi tunazunguka kutafuta mtoto kapotelea wapi. Kama mtauleta, uwe na mwanzo na mwisho unaojulikana.

---

Kijana wa Buguruni

Mama umenifungua macho kwa upande mwingine. Mdundiko unaweza kuwa ndiyo tangazo letu. Hatuhitaji mabango. Saa nane na nusu mdundiko unatoka ofisi ya serikali ya mtaa, unazunguka mitaa michache ya jirani na kuishia kiwanjani. Anayeusikia anajua leo ndiyo siku. Na watu wazima wanne wenye fulana za rangi moja watembee nyuma, mtoto asiye na mtu mzima anarudishwa kwao hapo hapo.

Dogo, dakika 20 umepata. Na hilo wazo la kuziunganisha bila mtangazaji ni zuri sana, linafanya kile kile nilichokuwa najaribu kukieleza pale juu kwa maneno mengi.

---

Mwana Likoni

Hamjambo ndugu zangu wa Bara. Nawapata vizuri kutoka Mombasa.

Naomba niwape habari ya kijiji cha Kamirithu, maana naona mnazungumza juu ya mchezo wa kuigiza kama kitu cha kujaza nafasi kati ya ngoma na taarab. Huko Limuru mwaka 1977 wanakijiji, wengi wao vibarua wa mashamba na viwanda, walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye viti vya watu 2,000. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwepo, lakini wanakijiji walisahihisha maneno ya mchezo, walifundishana nyimbo na ngoma za zamani ambazo vijana walikuwa wamezisahau, na mazoezi yalifanyika hadharani. Mtu akipita njia anasimama, anasema hapana, mzee hawezi kuongea hivyo na mkwewe, na wanabadilisha. Mpaka siku ya onyesho la kwanza kijiji kizima kilikuwa kimeshaujua mchezo. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache, na 1982 ukumbi ukabomolewa.

Ninachotaka mchukue ni yale mazoezi ya wazi. Kama onyesho ni mara moja kwa mwezi, zile wiki tatu za kati msiache kiwanja kimelala. Waigizaji wafanyie mazoezi pale pale jioni. Watu wataanza kuja kutazama mazoezi, na siku ya onyesho watakuwa na hamu ya kuona ile sehemu waliyoichangia imekuwaje.

Sisi huku tuna sengenya ya Wadigo na gonda la Wagiriama, na nyingi sasa zinachezwa hotelini kwa watalii, dakika kumi kabla ya chakula. Mchezaji mzuri anaharibika kwa kucheza mbele ya watu wasiojua kama amekosea. Mkipata watazamaji wanaojua, wachezaji wenu watanyooka wenyewe.

---

Afisa Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ya utamaduni serikalini mpaka nikastaafu, na nimefurahi kuona uzi wa namna hii bila matusi.

Kwanza niongeze historia kidogo. Vikundi mnavyovikumbuka havikuzuka tu. Baada ya Mwalimu kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana 1962 kilianzishwa kikundi cha taifa cha ngoma, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, baadaye kikaja kikundi cha maigizo. Vilipovunjwa, ujuzi ule ukaingia Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981, na mwingine ukatawanyika kwenye vikundi vya mashirika, jeshi na watu binafsi. Ndiyo maana kikundi cha mtaani Temeke kilikuwa na mtu wa sarakasi wa kiwango kile. Bagamoyo ndiko Mzee Hukwe Zawose alikofundisha marimba na zeze za Kigogo huku akizunguka dunia, mpaka alipofariki 2003.

Kilichoua maonyesho yale si kwamba watu walichoka. Televisheni binafsi zilianza Bara mwaka 1994 na waigizaji wazuri wakahamia huko, na wana haki, walilipwa. Taarab ilipoanza kuingiza fedha nyingi peke yake, bendi za taarab zikajitenga, maana kwa nini ugawane mapato ya mlangoni na watu wa ngoma? Kundi lililobaki na ngoma na maigizo tu halikuweza kulipa watu wake. Hivyo mkianza, jiandaeni kwa siku ambayo mmoja wenu atapendwa kuliko wengine. Atataka kuondoka. Andikeni makubaliano ya mgawo sasa hivi, wakati bado mnapendana.

Pili, vibali. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa maandishi, na nakala yenye mhuri. Kisha afisa utamaduni wa manispaa, atawaelekeza mnachohitaji BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1984 kusimamia sanaa. Vikundi visivyosajiliwa vijisajili mapema, msisubiri wiki ya onyesho. Polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko. Na ule moto wa kupashia ngoma uandikeni kwenye barua kabisa, na ndoo za mchanga ziwepo, msije kukatazwa siku yenyewe.

Tatu, mchezo wa kuigiza. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini kufanya sanaa za maendeleo, Malya kule Mwanza ikiwa mojawapo. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Walikaa, waliuliza wanakijiji wanasumbuliwa na nini, wakatengeneza igizo pamoja nao kwa kutumia ngoma na nyimbo za pale pale, na baada ya onyesho watu wakajadili. Mwana Likoni yuko sahihi. Mchezo wenu utokane na Buguruni yenyewe, kodi za nyumba, mikopo ya vikundi, maji ya mafuriko, mirathi. Na uchezwe kwenye duara, watazamaji pande zote, ili sauti isilazimike kusafiri mbali. Jenereta liwe mbali au lizimwe kabisa wakati wa mchezo. Mwigizaji anayeshindana na jenereta anaishia kupiga kelele, na mchezo wa kelele hauna hisia.

---

Njuga Mguuni

Shikamoo mzee. Hilo la mgawo umelisema kwa ufasaha. Nimeshuhudia kundi likifa kwa sababu hiyo hiyo, mwimbaji mmoja alipata jina, wakashindwa kukubaliana, na wapiga ngoma wote wakabaki nyumbani.

Pendekezo langu: mapato yakitolewa gharama, kila kikundi kilichopanda kipate sawa, bila kujali nani alikuwa mwisho wa programu. Hela ya kutunzwa ibaki kwa aliyetunzwa, hiyo ni haki yake na hakuna wa kuigusa. Na fungu moja liingie kwenye mfuko wa vifaa, ngozi, nyuzi, njuga, mafuta ya jenereta.

---

Bint Ng'ambo

Sawa kabisa. Na daftari la mapato lisomwe hadharani mwezi unaofuata kabla ngoma ya kwanza haijalia. Ndivyo mtakavyowafanya watu walipe bila manung'uniko.

Kuna jambo la kina mama. Wekeni mahali pa kukaa familia, mikeka mbele kwa watoto, viti nyuma yao. Na choo. Mwanamke hatakaa saa tano mahali pasipo na choo, hata mkimleta nani.

---

Msukuma wa Kisesa

Nimekubali hoja ya spika. Basi fanyeni pande mbili kwa ngoma peke yake, nusu saa ya mwanzo, bila umeme. Mdundiko ukifika kiwanjani, vikundi viwili viwe vimeshajipanga kila kimoja kona yake. Watu wachague. Baada ya hapo programu yenu inyooke mnavyotaka.

---

Kijana wa Buguruni

Wakuu, nimekaa na wenzangu jana usiku tukiwa na huu uzi mbele yetu, na tumeubadilisha mpango wote.

Saa nane na nusu mdundiko unatoka ofisi ya mtaa na walinzi wa watoto. Saa tisa unaingia kiwanjani ambako vikundi viwili vya ngoma vinaanza pamoja bila spika, kama Msukuma alivyosema. Vikimaliza, ngoma zinakwenda motoni na sarakasi wanaingia. Mdundiko unarudi kwa wimbo mmoja na singeli inaupokea hapo hapo bila maneno. Kisha jenereta linazimwa, watu wanafanya duara, mchezo unachezwa wakati mwanga bado upo, na mjadala mfupi baada yake. Wakati huo wapiga vyombo wako ndani ya darasa wanatafuta sauti zao. Magharibi tunasimama kwa ajili ya swala. Baada ya swala ni taarab mpaka saa mbili kamili.

Kiingilio ni 2,000 kwa mkubwa, mtoto aliyekuja na mzazi bure. Mgawo ni kama Njuga alivyoandika, na tayari wawakilishi wa vikundi vyote wamekubali kuweka saini. Mkuu wa shule yenye kile kiwanja amekubali tutumie uwanja, darasa na vyoo kwa sharti la kuacha pasafi, na mazoezi ya mchezo yatakuwa pale pale kila Jumatano na Ijumaa jioni kuanzia wiki ijayo. Kisa tumechagua mirathi, kaka mkubwa anayepangisha nyumba ya urithi bila kuwaambia dada zake. Barua ya mwenyekiti wa mtaa imepokelewa, ya manispaa inakwenda kesho.

Tulichokwama ni kanuni. Fidla, udi na dumbak tumepata. Mpigaji kanuni wa hapa Dar tuliyempata ana shughuli Jumapili hiyo.

---

Mama wa Tandika

Ijumaa nitapita kwenye mazoezi. Hicho kisa cha mirathi nakifahamu kuliko nyinyi, na hao dada msiwafanye wa kulia tu. Kwetu mmoja alikwenda mahakamani.

---

Bint Ng'ambo

Yupo kijana ninayemjua aliyejifunza kanuni huku Unguja, mkono wake mzuri na haogopi watu. Nimemuuliza, Jumapili ya mwisho ana nafasi. Mlipieni boti ya kwenda na kurudi na mahali pa kulala, malipo yake atachukua mgawo sawa na wengine. Nakutumia mawasiliano yake faragha. Chombo kinasafiri na yeye mkononi, mwambie dereva atakayempokea bandarini asikiweke kwenye buti.

---

Kijana wa Buguruni

Dada, Mungu akubariki. Nitakwenda kumpokea mwenyewe.